Mdogo wangu kakaa mahabusu miezi 11 na kumbe polisi walikuwa na video inayomtoa, tunaweza kuwashtaki?

Kakamkubwa88

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo limenikaa kooni na naomba wenye uelewa wa sheria za huku Marekani mnisaidie, mji na jimbo sitataja kwa sababu mambo bado mabichi.

Mdogo wangu, tumbo moja, yuko huku kwa grini kadi. Mwaka jana mwezi wa kwanza alisimamishwa usiku anatoka kazini, leseni ya udereva ilikuwa imeisha muda, hapo sikatai kosa ni lake. Ila wakati wanamwandikia wakasema gari yake inafanana na gari iliyoonekana kwenye tukio la kumpora mtu kwa bastola kwenye kituo cha mafuta siku nne nyuma, wakambeba, aliyeporwa akaonyeshwa picha akasema anafanana naye. Basi, ushahidi wote ndo huo. Dhamana ikapangwa kubwa hatukuiweza hata tungechangishana ukoo mzima. Akakaa ndani miezi 11, kazi ikaenda, nyumba ikaenda, mke wake kajifungua yeye yuko mahabusu, mtoto kamjua baba yake kwenye skrini.

Sasa sikilizeni. Kituo kile kina kamera. Wakili wa bure aliyepewa na mahakama aliomba video mapema kabisa akajibiwa kwa barua kwamba hakuna video. Mwezi wa kumi wakambadilishia wakili, huyu wa pili ni binti mdogo lakini moto, akaenda mwenyewe kuongea na mwenye kituo, yule baba akamwambia video mbona nilimpa polisi siku ya tatu tu baada ya tukio na karatasi nilisaini. Video ikatoka. Mporaji ni mrefu kumpita mdogo wangu kichwa kizima na ana tatuu shingo nzima, mdogo wangu hana hata kovu. Tarehe 9 Desemba kesi ikafutwa, sababu haikutajwa, pole hatukupewa, akatolewa saa nne usiku na mfuko wa plastiki wenye nguo zake na baridi ile.

Naomba kujua, hii kitu inashtakiwa? Na tunamshtaki nani, polisi, mwendesha mashtaka au mji wenyewe? Na je yeye sio raia, hawatamfanyia figisu kwenye makaratasi yake?

Mzee wa Lindi

Kijana pole sana, na umpe pole mdogo wako na shemeji yako. Mimi niko nchi hii tangu 1994 na nimeona mengi. Ushauri wangu kama mzazi, mtoto katoka mzima, kesi imefutwa, mwacheni aanze maisha, atafute kazi alee mwanawe. Kushindana na serikali ni miaka, na kila mwaka unaambiwa usimulie upya kile unachotaka kusahau. Nimeona mtu kesi imemla mpaka ndoa. Sisemi msidai haki, nasema pimeni kwanza kama yeye mwenyewe anaitaka hiyo safari au ni hasira ya kaka.

Karani_wa_Sheria

Shikamoo mzee, neno lako la mwisho ni kubwa na naomba Kakamkubwa alichukue, mwenye kesi ni mdogo wake. Ila nisingependa aache kwa kuambiwa haiwezekani, maana inawezekana. Mimi sio wakili, nimefanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mawakili wa haki za raia miaka tisa, kwa hiyo nitakupa picha halafu wakili wa jimbo lako ndo akupe jibu.

Sheria inayotumika ni ya mwaka 1871, ilitungwa kupambana na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililokuwa likitesa watu weusi kule kusini, kwa sababu maofisa wa serikali ama walikuwa humohumo ama walifumba macho. Inasema mtu yeyote akivunja haki zako za kikatiba akiwa amevaa mamlaka ya serikali unaweza kumdai mahakamani. Na maneno yake ni raia "au mtu mwingine" aliye chini ya mamlaka ya nchi hii, kwa hiyo grini kadi sio kizuizi hata kidogo. Watu wa fani wanaiita Sekisheni 1983 kwa namba yake kwenye vitabu.

Sasa swali lako la nani wa kushtakiwa, hapo ndo kesi nyingi zinafia, hebu nikueleze kwa kisa cha kweli.

New Orleans, Desemba 1984, kijana wa familia yenye jina mjini kauawa kwa risasi. Mwezi uliofuata wakamkamata John Thompson, ana miaka 22. Picha yake ikatoka magazetini, watu walioporwa kwenye tukio lingine wakasema huyu ndiye. Waendesha mashtaka wakapanga mambo yao kwa hesabu, wakatanguliza kesi ya uporaji, wakashinda, halafu wakaja kwenye ya mauaji. Kwa nini hivyo? Kwa sababu sasa akipanda kizimbani kujitetea kwenye mauaji watamuuliza mbele ya juri, wale raia wanaoamua kesi, wewe si mporaji ulishahukumiwa juzi? Akanyamaza. Akahukumiwa kifo, 1985.

Kumbe kwenye ule uporaji mporaji aliacha damu kwenye suruali ya mmoja wa walioporwa. Maabara ilipima, ni kundi B. Ripoti ikafika ofisi ya mwendesha mashtaka siku mbili kabla ya kesi kuanza na mawakili wa Thompson hawakupewa. Kitambaa chenyewe mwendesha mashtaka mmoja alikichukua stoo ya vielelezo na hakikurudi. Thompson ni kundi O. Yule bwana aliyekificha alikuja kuambiwa ana saratani na hana muda, mwaka 1994, akamwambia rafiki yake aliyewahi kufanya kazi ofisi hiyohiyo kwamba nilificha. Rafiki naye akakaa kimya miaka mitano.

1999 tarehe ya kumuua ikapangwa, Mei 20, siku moja kabla ya mahafali ya mwanawe mdogo ya sekondari. Imebaki kama mwezi mmoja mpelelezi wa mawakili wake akaikuta ile ripoti ya maabara kwenye mafaili ya zamani. Hukumu ya uporaji ikafutwa, baadaye na ya mauaji, 2003 kesi ikarudiwa safari hii akapanda kizimbani akaongea, juri ikamwachia ndani ya dakika 35. Miaka 18 jela, 14 kati ya hiyo akisubiri kuuawa pale gereza la Angola, Louisiana.

Akashtaki. Juri ikampa dola milioni 14, milioni kwa kila mwaka aliosubiri kifo. Ofisi ile ikakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu na mwezi wa tatu 2011 wakamnyang'anya yote kwa kura 5 kwa 4. Sababu? Jaji Thomas aliandika kwamba huwezi kuibebesha ofisi lawama ya kutofundisha watu wake kwa ajili ya kosa moja la namna hii, lazima uonyeshe mlolongo wa makosa yanayofanana. Na ofisi hiyo miaka kumi kabla ilishafutiwa hukumu nne kwa kuficha ushahidi! Wakasema hizo nne hazikuhusu ripoti za damu kwa hiyo hazifanani. Jaji Ginsburg alipinga na aliisoma pingamizi yake kwa sauti mahakamani, jambo ambalo hawalifanyi mara nyingi. Thompson amefariki 2017 kwa moyo. Mimi kisa hiki nimekisoma mara nyingi kazini na kila nikifika hapo kwenye kutofanana naweka karatasi chini kwanza.

Kwa nini nimekuchosha na haya yote? Ili uone mlango uliofungwa. Yule mwendesha mashtaka mwenyewe asingeshtakika hata angekuwa hai, maana tangu 1976 wana kinga kamili kwa kazi zao za mahakamani, hata wakificha kwa makusudi. Mji au kaunti nayo unaipata tu ukionyesha ni sera au mazoea yao. Anayebaki ni askari mpelelezi. Yeye kinga yake ni nusu, na alichokaa nacho mezani bila kumpa mwendesha mashtaka ni chake mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kesi ya mdogo wako: ile video iliishia kwa nani? Ile barua ya kusema hakuna video nani aliandika, na wakati anaandika alikuwa anajua? Kama mpelelezi aliipokea akaitia kapuni na mwendesha mashtaka hakuambiwa, una kesi ya mpelelezi. Kama mpelelezi aliikabidhi vizuri na ofisi ya mashtaka ndo ikakaa nayo, ukweli mchungu ni kwamba unaweza kukosa wa kumshika. Uonevu ni uleule, miezi ni ileile 11.

MamaWawili_Texas

Jamani nimesoma huku machozi yananitoka. Kakamkubwa mkumbatie huyo mtoto kwa niaba yetu.

Niongezee la kwetu Texas. Michael Morton, mke wake aliuawa Agosti 1986 nyumbani kwao kaskazini mwa Austin, mwaka uliofuata yeye akahukumiwa maisha. Mtoto wao wa miaka mitatu alikuwepo na alimwambia bibi yake kwamba aliyemuua mama ni jitu, baba hakuwepo nyumbani. Mazungumzo hayo yaliandikwa na polisi, yamo kwenye faili, na jirani pia alisema kuna gari ya kijani ilikuwa inazungukazunguka, mawakili wa Morton hawakuyapata. Akakaa karibu miaka 25 mpaka DNA kwenye kitambaa kilichookotwa nyuma ya nyumba ikamtaja mtu mwingine, akatoka Oktoba 2011. Yule mwendesha mashtaka wakati huo alishakuwa jaji! Akahukumiwa siku 10 jela na akarudisha leseni ya uwakili. Siku kumi kwa miaka 25, hesabu mfanye wenyewe.

Ila kilichobadilika ni sheria, tangu Januari 2014 huku Texas mwendesha mashtaka anatakiwa kufungua faili lake kwa upande wa utetezi akiombwa, tunaiita sheria ya Michael Morton. Shemeji yangu alikamatwa miaka mitatu iliyopita na wakili wake alipewa kila kitu mapema, na ilimsaidia. Sasa huyo wa kwenu aliandikiwa barua kabisa hakuna video?? Hiyo barua mnayo? Itunzeni kama cheti cha kuzaliwa.

Kakamkubwa88

Asanteni sana, mzee shikamoo, nimekuelewa na nimemuuliza mwenyewe jana usiku. Kasema hivi, "kaka mimi hela sijui, mimi nataka yule aliyekaa na video aulizwe kwa nini." Kwa hiyo anataka.

Karani, barua ninayo kivuli. Imetoka ofisi ya mwendesha mashtaka, inasema kwa mujibu wa mpelelezi hakuna picha za kamera zilizopatikana. "Kwa mujibu wa mpelelezi" imeandikwa hivyo. Na yule wakili binti alipata fomu ya stoo ya vielelezo inaonyesha diski imepokelewa, tarehe ipo na saini ya mpelelezi.

Nisichoelewa, watu wawili wameniambia kwa vile kesi ilifutwa tu na hakuhukumiwa wala kutamkwa hana hatia basi hana madai. Na lile kosa la leseni lipo kweli, alilipa faini. Haliharibu?

Karani_wa_Sheria

Ndugu yangu, hayo maneno "kwa mujibu wa mpelelezi" pamoja na hiyo fomu ni dhahabu. Piga picha, weka sehemu tatu tofauti, usimpe mtu nakala ya asili.

Hao watu wawili walikuwa sahihi zamani kwenye mahakama nyingi, sasa hivi sio. Kuna kesi ya 2022 ya mtu wa Brooklyn, alikataa polisi kuingia nyumbani kwake bila kibali, wakambeba wakamfungulia kesi ya kuzuia maofisa kazi, baadaye ikafutwa kimyakimya kama ya kwenu. Mahakama za chini zilimwambia lazima uonyeshe ilifutwa kwa namna inayoonyesha huna hatia. Mahakama ya Juu kwa 6 kwa 3 ikasema hapana, inatosha tu kwamba kesi iliisha bila kutiwa hatiani. Sababu kutotajwa hakukuharibii wewe.

Na kwa kuwa mdogo wako hakufika hata kwenye kesi kusikilizwa, wakili atawaambia madai yake hayapiti njia ya Brady. Brady ni hukumu ya 1963 inayowalazimisha upande wa mashtaka kutoa ushahidi unaomsaidia mshtakiwa, ila mahakama nyingi zinataka uwe umehukumiwa kwanza ndo uitumie kudai. Nyie njia yenu ni Marekebisho ya Nne ya Katiba, haki ya kutoshikiliwa bila sababu ya msingi. Kuna kijana wa Joliet, Illinois, 2011 walimkuta na vidonge vya vitamini, vikapimwa palepale sio madawa, askari akaandika ni madawa, maabara nayo ikasema sio, akakaa ndani siku 48. 2017 Mahakama ya Juu ikasema hata hakimu akishabariki kukushikilia, kama alibariki kwa uongo wa polisi haki yako ya Marekebisho ya Nne bado iko hai. Ninyi mna miezi 11.

La leseni usiogope. 2024 imeamuliwa kesi ya sonara wa mji wa Napoleon kule Ohio, polisi walidai kwa vile mashtaka mengine yalikuwa halali basi lile la uongo halishtakiki. Mahakama ikakataa, shtaka moja halali haliwasafishi mengine. Ila mtabishana ni siku ngapi kati ya zile angekaa ndani kwa leseni peke yake, na jibu kila mtu analijua, hakuna hata moja.

Nina maswali matatu yananinyima raha. Siku inafutwa kesi alisaini chochote? Kuna maeneo wanakuambia tunafuta ila saini hapa hutatudai, na hiyo karatasi inaweza kukubalika mahakamani, Mahakama ya Juu ilishasema hivyo 1987. La pili, kuna mahali alikiri kosa dogo lolote linalohusiana na ule uporaji ili atoke? Kama alikiri, hawezi kudai mpaka hukumu hiyo ifutwe. La tatu kesi yake ilipita kwa juri kuu la kupitisha mashtaka? Mahakama nyingi zinachukulia juri kuu likishapitisha basi sababu ilikuwepo, labda uonyeshe walidanganywa au walifichwa kitu, ndo pale fomu ya diski inafanya kazi.

Na muda jamani. Sheria ya 1871 haikuweka ukomo wake, inaazima wa kila jimbo. New York miaka 3, Texas na Illinois 2, Tennessee na Kentucky mwaka 1 tu! Watu wetu wamejaa Louisville na Nashville na wengi hawajui. Kwa madai haya unahesabu kuanzia siku kesi ilipoisha, yaani Desemba 9. Ila madai ya sheria za jimbo lenyewe yanaweza kuwa na notisi fupi, New York mji unautumia notisi ndani ya siku 90. Kwa hiyo usingoje sikukuu ipite.

Binti Mvita

Nasoma kutoka Mombasa na nataka kusema huku kwetu wanaoshtakiwa si askari binafsi sana, wamshtaki Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali, na muda ni miezi 12 tu kwa madai kama haya. Kesi mahakimu wanayoitaja kila siku ni ya Murunga ya 1979, wataka uonyeshe ulishtakiwa, kesi iliisha kwa faida yako, haikuwa na sababu ya maana na ilikuwa na nia mbaya. Hilo la nne ndilo laua watu. Mjomba wangu aliachiliwa kisha akadai, akaambiwa kuachiliwa pekee hakuthibitishi chuki, huyo polisi yawezekana alikosea tu. Katiba ya 2010 nayo yasema mshtakiwa aonyeshwe mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, lakini mjomba hakuwa na fomu kama hiyo yenu yenye saini. Mshukuruni huyo wakili binti aliyetoka ofisini akaenda kuuliza.

Mzee wa Lindi

Marahaba wanangu. Karani umenifundisha leo, mimi nilijua serikali haishtakiki, ndivyo tulivyokuja nayo hiyo fikra kutoka nyumbani ambako mtu akibambikiwa kesi anasubiri upelelezi ukamilike mpaka anazeeka. Kijana, kama mwenyewe anataka aulizwe yule bwana, basi nendeni. Swali langu, wakili atalipwa na nini kama nyumba imeenda?

Karani_wa_Sheria

Mzee, mawakili wengi wa kesi hizi hawachukui hela mwanzoni, wanachukua asilimia wakishinda, na tangu 1976 kuna sheria mahakama inaweza kumwamuru aliyeshindwa alipe gharama za wakili wa aliyeshinda. Ndo maana wanachagua sana kesi, wakikataa wawili watatu msikate tamaa, nendeni kwa wa nne. Mkikutana naye mwombeni kitu cha kwanza aandike barua ya kuwataka polisi na kituo cha mafuta wasifute chochote, video, barua pepe za mpelelezi, kamera za kifuani za usiku ule.

Na la grini kadi, msikimbilie kufuta rekodi ya kukamatwa kabla ya kuchukua nakala za mahakama zenye muhuri zinazoonyesha kesi ilifutwa. Siku akiomba uraia ataulizwa kama aliwahi kukamatwa hata kama rekodi imefutwa, na akikosa karatasi ndo shida inaanzia hapo.

Kakamkubwa88

Nimerudi. Hakusaini kitu, nimemuuliza mara tatu na yule wakili binti kathibitisha. Hakukiri chochote zaidi ya leseni. Juri kuu lilipitisha mashtaka mwezi wa tatu, na diski ilikuwa stoo tangu mwezi wa kwanza, kwa hiyo walipokaa kupitisha mpelelezi alishakuwa nayo wiki tisa.

Alhamisi tuna miadi na wakili wa haki za raia, wa pili, wa kwanza alikataa kwa simu. Mdogo wangu kaomba twende na mwenye kituo cha mafuta, na yule baba kakubali kufunga duka lake asubuhi hiyo.